Dakika Ishirini za Mzee Njiti

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi sanifu mkuu wa maabara ya Idara ya Anatomia anastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika orodha ya watumishi ana jina kamili la maneno matatu, ambalo wengi wetu tulilisoma kwa mara ya kwanza kwenye kadi ya mwaliko. Hapa ataitwa kwa jina analoliitikia, yaani Mzee Njiti.

Msomaji aliyekwisha kuchungulia ratiba kwenye ukurasa wa nyuma atakuwa ameona kwamba Mkuu wa Chuo amepewa dakika tano za kuzungumza, Mkuu wa Idara dakika tano, na mstaafu dakika ishirini. Jambo hili limezua maneno, hasa kwa kuwa kila mtu hapa anajua kwamba Mzee Njiti alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, na kwamba sentensi moja humchukua muda ambao mwingine angeutumia kumaliza kikombe cha chai. Wapo waliodhani ni makosa ya uchapaji. Si makosa, na sababu yake itaelezwa mahali pake.

Mstaafu hakuajiriwa kwa kazi anayoiacha. Alifika akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, seremala mwenye sanduku la vifaa na mkataba wa wiki tatu, kutengeneza rafu za chumba cha vielelezo. Siku ya nne, profesa wa wakati ule, mtu mfupi asiyejua subira, alipita mlangoni akamkuta anapiga randa ubao. Ukanda mwembamba wa maranda ulikuwa unatoka mzima, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, unene uleule. Profesa akamuuliza kama angeweza kufanya hivyo kwa kitu laini zaidi. Seremala akataka kujua laini kiasi gani. Alipelekwa chumba cha pili, akaonyeshwa ubongo wa binadamu uliokaa wiki kadhaa ndani ya dawa ya fomalini, akakabidhiwa kisu kirefu. Kwa maelezo yake mwenyewe, kwanza aliomba ruhusa akanawe uso. Aliporudi alikata, na zile wiki tatu zinakwisha Ijumaa hii.

Kwa faida ya wenzetu wa ofisi za juu, ambao hukwepa korido yetu kwa sababu ya harufu, ni vyema kueleza kazi yenyewe. Wapo watu ambao, wakiwa hai, huandika kwamba miili yao itumike kufundishia madaktari. Ubongo hutolewa, hukaa kwenye fomalini mpaka ukakamae kama yai lililochemshwa kupita kiasi, kisha hukatwa vipande kumi na sita, kila kimoja unene wa sentimita moja, na kupangwa kwenye trei kutoka mbele kwenda nyuma. Kisu hupita mara moja tu bila kurudi. Anayekata kama anakata mkate huharibu, na kuna trei mbili za mwandishi wa wasifu huu zinazothibitisha.

Kila kipande kina ukingo wa rangi ya kijivu, mwembamba kuliko ncha ya kidole, unaofuata kila tuta na kila mfereji. Ukingo huo ndio tabaka la nje la ubongo. Unene wake ni milimita mbili hadi nne. Humo ndimo mtu anamotambua sura ya mama yake, anamopanga safari ya kesho, na anamojizuia kumwambia bosi wake anachofikiri. Wanafunzi huliita ganda. Mzee Njiti, kwa useremala wake, alikataa neno hilo tangu siku ya kwanza na akaliita gome. Ganda, alisema, unamenya ukatupa, lakini libandue gome la mti kuuzunguka uone kama utapata kivuli mwakani. Siku hizi hata maprofesa wanasema gome.

Mkewe ni fundi cherehani, na mchango wake katika taaluma haujawahi kuandikwa popote, basi uandikwe hapa. Yeye ndiye aliyekata kipande cha blanketi la kijivu, sentimita arobaini na tano kila upande, akakipinda kingo. Huo ndio ukubwa wa gome lote likinyooshwa, kwa makadirio. Somo la kwanza la kila mwaka, Mzee alimpa mwanafunzi blanketi hilo na bakuli, akamwambia alitie lote ndani na kufunika. Anayejaribu kulilaza tambarare hushindwa. Anayelikunjakunja hufaulu, na akitazama ndani ya bakuli hukuta matuta na mifereji ileile iliyoko kwenye trei. Blanketi la sasa ni la nne. Matatu ya mwanzo yaliisha kwa kushikwashikwa.

Baada ya hapo ndipo njiti ya kiberiti ilipotoka mfukoni. Mzee hakuwa mtu wa kuhutubia. Aliweka njiti mahali kwenye gome, akanyamaza. Mwanafunzi alitakiwa aseme pale panafanya nini. Akikosea, njiti haikuondoka. Akipatia, ilihama kwenda pengine. Huo ndio ulikuwa utaratibu wote, na haukuwa na msamaha, kwa maana Mzee aliweza kusubiri mpaka mtu atokwe na jasho. Hakumsaidia yeyote kwa neno hata moja. Madaktari bingwa wenye mvi wamekiri kwamba bado huota ile njiti.

Kwa njia hiyo ramani ya gome iliingia vichwani. Nyuma kabisa ndiko kwenye kuona, hivyo mama zetu waliodai wana macho kisogoni hawakuwa mbali na ukweli. Pembeni, juu ya masikio, ni kwenye kusikia. Utosini, kutoka sikio hadi sikio, upo ukanda unaoendesha viungo, na nyuma yake ukanda wa kuhisi, na katika kanda zote mbili mkono na mdomo vimejitwalia nafasi kubwa kuliko mgongo mzima. Mzee aliona mgao huo ni wa haki, kwani mgongo una kazi gani zaidi ya kuegemea. Mbele, nyuma ya paji la uso, ni kwenye kupanga na kujizuia, sehemu aliyoiita breki. Katika vikao vya idara, mtu akianza kufoka, Mzee aligusa paji lake kwa njiti na kikao kizima kiliangua kicheko, isipokuwa mhusika.

Upo na uzi mwekundu. Ubongo mzima unajulikana kushoto na kulia, lakini kipande kimoja kikigeuzwa juu chini, kushoto kunakuwa kulia na hakuna wa kukuambia. Kwa hiyo Mzee alishona uzi mwekundu upande wa kushoto wa kila kipande, kabla hakijaguswa na mkono mwingine. Miaka kumi na tisa iliyopita, mwandishi, akiwa na wiki tatu kazini kama msaidizi wake, aliachiwa kazi hiyo mara moja, akageuza trei nzima wakati wa kusuuza na akashona nyuzi upande usio wake. Trei hiyo ilikwenda kwenye mtihani. Watu arobaini walijibu sawasawa na wakahesabiwa wamekosa. Mzee alikwenda mwenyewe kwa watahini akasema maabara ni yake na kosa ni lake, swali likafutwa. Kisha alirudi maabara. Aliweka mbele ya mwandishi sindano, uzi na vipande kumi na sita, akakaa kwenye stuli akimtazama mpaka kifundo cha mwisho.

Hapa mwandishi anaomba ruhusa ya kuacha kujiita mwandishi, kwa sababu linalofuata haliwezi kusimuliwa kwa mbali. Aliyekuwa pale ni mimi.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa liingie saa tano. Trei ilikuwa mezani, vipande vyote vimepangwa, nami nilikuwa nimempa Mzee mgongo nikisuuza chupa. Aligonga meza. Nikageuka, nikamwona ameweka njiti kwenye kipande cha tano, upande wenye uzi mwekundu, chini kidogo. Amekuwa akinitega hivyo miaka yote, hata katikati ya kazi, kwa hiyo nilijibu bila kufikiri. Nilisema hapo ndipo maneno yanapopangwa ili mdomo uyatamke. Nikarudi kwenye chupa zangu.

Akagonga tena. Njiti ilikuwa palepale.

Kwa utaratibu wetu hilo lilikuwa na maana moja tu: nimekosea, au sijamaliza. Basi nikaacha chupa, nikajifuta mikono, nikajibu kwa kirefu. Nilieleza kwamba mtu akiumia hapo huendelea kuelewa anachoambiwa, ila maneno yake hayatoki, au yanatoka moja moja kwa taabu. Niliongeza kwamba mkono wa kulia nao huweza kulegea, kwa kuwa sehemu inayouendesha ni jirani. Lilikuwa jibu zuri. Naamini sijawahi kujibu vizuri namna ile. Njiti haikuhama. Nikaudhika, nikamwambia, "Mzee, mbona leo unanionea? Hiyo nimepatia bwana." Nikaenda stoo kuchukua fomalini, na huko nikakaa kidogo kwa makusudi ili naye aone nimechukia.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye stuli. Njiti ilikuwa sakafuni. Kidole chake cha kushoto kilikuwa juu ya kipande cha tano. Alinitazama, akakiinua kidole kile, akakiweka kwenye panja lake la kushoto. Ndipo nikaona kwamba mkono wa kulia umelala pajani kama si wake, na nikakumbuka kwamba tangu mwanzo njiti ilikuwa mkono wa kushoto, na Mzee Njiti si mtu wa mashoto. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi.

Hospitali iko ng'ambo ya uwanja. Nilimsukuma kwenye toroli ya kubebea chupa kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Daktari wa zamu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mmoja wa wale walioganda mbele ya njiti mwaka wao wa kwanza. Mzee akaweka kidole kwenye panja. Daktari hakusubiri kitu. Alikuwa amekwisha kuita machela kabla mimi sijafungua mdomo.

Nilimuuliza daktari huyo baadaye zile dakika ishirini zilimgharimu Mzee nini. Akasema, "Kaka, hakuna anayejua. Pengine kitu, pengine si kitu." Alinijibu kwa upole, na ninamshukuru, lakini nimekuwa nikiingia na jibu hilo kazini kila asubuhi kwa miaka miwili na halijawa jepesi. Mzee alinionyesha ugonjwa wake kwenye trei kwa lugha aliyonifundisha mwenyewe, mara mbili, nami nikampa jibu sahihi nikaenda zangu. Najuta.

Mzee hajawahi kunilaumu. Angetaka, asingekosa njia, kwa sababu neno lake la kwanza baada ya kiharusi lilikuwa tusi, na aliyetukanwa ni mimi. Ilikuwa wiki ya sita, nyumbani kwake. Nilimpelekea picha ya trei niliyoikata peke yangu, ili aone kazi inaendelea. Aliishika, akaitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye kipande cha tisa nilichokiweka kichwa chini, akasema, wazi kabisa, "Pumbavu!" Mkewe alitoka chumba cha pili mbio, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Bintiye alilia. Wote watatu tulimwomba aseme tena na hakuweza. Sijawahi kutukanwa nikafurahi kiasi kile, na nilipofika kazini nilimwambia kila niliyekutana naye.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alitueleza kwamba ndivyo ilivyo. Matusi, salamu na kuhesabu vimezoeleka mno mdomoni, hivyo mara nyingi huponyoka salama pale ambapo sentensi ya kawaida inakwama. Ndiyo maana ukimuuliza Mzee ana wajukuu wangapi hawezi kusema sita. Anaanza moja, mbili, tatu, anapanda ngazi mpaka sita, anasimama na kukutazama kwa ushindi. Wajukuu wenyewe wamelifanya mchezo. Huwa wanamuuliza siku za mwezi.

Sasa mwandishi anarudi mahali pake.

Bodi ya matibabu ilipendekeza mstaafu apumzishwe mapema. Aliisikiliza, akatikisa kichwa, na baada ya miezi saba akaripoti kazini saa moja na nusu asubuhi. Mkono wa kulia haukuwa wa kukata tena. Lakini miaka mingi nyuma alikuwa ametengeneza kisanduku cha mbao chenye mianya kumi na mitano, kila mwanya umbali wa sentimita moja, ili wasaidizi wasio na mkono wa seremala waweze kukata sawa. Chuo kiliwahi kuagiza cha plastiki kutoka ng'ambo, ambacho hadi leo kinashikilia dirisha la stoo lisijifunge. Mzee alirudi kwenye kisanduku chake mwenyewe, akajifunza kisu upya kwa mkono wa kushoto. Ubongo wa kwanza ulimchukua siku mbili. Wa kumi na moja, mwezi uliopita, ulimchukua dakika hamsini. Kwa kumbukumbu za idara, jumla ya bongo alizozikata kwa miaka thelathini na minne ni mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja ambayo haikuwa na uzi mwekundu.

Darasani mambo hayakubadilika sana. Njiti iliwekwa, Mzee akanyamaza, mwanafunzi akatoka jasho. Inasemekana mwaka wa kwanza waliofuata walimaliza wiki tatu kabla ya mmoja wao kugundua kwamba fundi wao alikuwa mgonjwa wa usemi. Wengine walidhani ni mkali tu.

Tunafika kwenye ratiba. Kamati ya maandalizi, kwa nia njema, ilipendekeza bintiye azungumze kwa niaba ya baba ili kumwepusha na aibu. Rasimu ilipelekwa kwa mstaafu. Iliporudi, jina la binti lilikuwa limekatwa kwa penseli nyekundu, mstari umepindapinda, na pembeni pamechorwa njiti ya kiberiti. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi, yeye na bintiye wamekuwa wakifanya mazoezi jikoni. Hotuba ina sentensi tatu. Binti amekataa katakata kutoboa siri ya yaliyomo. Anasema tu kwamba siku nzuri zinatoka zote, siku mbaya inatoka moja na nusu, na kwamba hakuna ajuaye Ijumaa itakuwa siku ya namna gani. Baba yake anajua hatari hiyo kuliko sisi na ameichagua.

Kwa hiyo wageni waalikwa wanaombwa mambo yafuatayo. Mstaafu akikwama, mtamwona anagusa kidole gumba kwa kila kidole, mmoja baada ya mwingine. Huko ni kujitafutia mahali pa kuanzia. Asipewe neno, hata kama unalijua na linakuwasha ulimini. Asipigiwe makofi ya kumtia moyo katikati ya sentensi, maana yanamrudisha mwanzo. Mshereheshaji asimkaribishe mtu mwingine "wakati tunasubiri". Na muziki uzimwe, usipunguzwe.

Idara inamshukuru kwa rafu ambazo bado zimesimama, kwa kisanduku, kwa kila uzi na kila njiti, na kwa kubeba makosa ya wengine kwa watahini. Inamshukuru mkewe kwa mablanketi manne. Mzee wetu, tunakuombea asubuhi zisizo na kengele ya darasa, randa na ubao mzuri mkononi, na wajukuu wa kukuuliza hesabu mpaka uchoke.

Kuhusu muda, kamati ilikuwa imempa mstaafu dakika kumi, ikiona inatosha kwa sentensi tatu. Aliyeomba ziwe ishirini ni mwandishi wa wasifu huu. Alipoulizwa sababu alisema ni deni lake mwenyewe, na kamati, kwa hisani yake, haikuuliza zaidi. Atakuwa safu ya mbele. Mzee akinyoosha kidole, safari hii hatajibu kitu; atamtazama kwanza.